Braunstein: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mchezo wa vita ambao ndani yake wewe ni mtu, si jeshi

Ukurasa huu ni wa wale waliosikia jina Braunstein likitajwa kila historia ya michezo ya uhusika (ile ambayo kila mchezaji anakuwa mtu wa kubuni) inapozungumzwa, wakatafuta pa kuununua wasipapate. Ulipoanza haukuwa wa kuuzwa. Ulikuwa mchezo wa sebuleni, wa kundi moja la marafiki. Majibu ni marefu pale ninapoulizwa sana na mafupi pale pasipo na mengi.

Braunstein ni mchezo wa namna gani?

Ulibuniwa na David Wesely mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Wesely na wenzake walikuwa wakikutana kupigana upya vita vya enzi za Napoleon kwa sanamu ndogo za askari zilizopangwa mezani. Kawaida ya michezo hiyo ni kwamba mmoja anaongoza jeshi hili, mwingine jeshi lile, na wakizidi watu basi wanagawiwa vikosi.

Wesely akabuni mji mdogo wa Kijerumani, akauita Braunstein, na majeshi mawili yakiwa njiani kuufikia. Makamanda walikuwepo kama kawaida. Kipya kilikuwa kwamba wachezaji wengine hawakupewa hata askari mmoja: huyu ni meya, yule ni mwenye benki, yule ni mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alikuwa na lake analolitaka, na mengi ya hayo yaligongana.

Kama wachezaji waliufurahia, mbona inasemwa mwenyewe aliona umeharibika?

Kwa sababu haukwenda alivyoupanga. Alitaka wachezaji wamfuate mmoja mmoja chumba cha pembeni, kila mtu aseme anachotaka kufanya, kisha yeye apange matokeo na kuyaonyesha kwenye meza. Lakini ukimpa mtu siri halafu ukamwambia asubiri zamu yake, hasubiri. Watu wakaanza kunong'onezana, kupatana na kudanganyana, na refa akawa wa mwisho kujua kinachoendelea mjini kwake. Wachezaji wawili wakafika mahali pa kuitana kwenye pambano la heshima, mtu na mtu. Sheria zake zilikuwa za vikosi, si za mabwana wawili waliovunjiana heshima, hivyo ikabidi atunge sheria ya pambano hilo papo hapo huku wanamtazama.

Alirudi nyumbani akiamini ameboronga. Wenzake wakamfuata kuuliza mchezo mwingine utakuwa lini.

Je, una asili ya kijeshi kweli, au ni sanamu za askari tu?

Una asili ya kijeshi kweli, tena ya jeshi la Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani. Mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali, Georg Leopold von Reisswitz, ambaye hakuwa mwanajeshi, alimkabidhi Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita. Ilikuwa fanicha hasa ya ikulu, na juu yake vilipangwa vipande vya plasta vyenye vilima, mito na vijiji, ambavyo ungeweza kuvipangua na kuvipanga upya upate nchi nyingine.

Mwanawe, Georg Heinrich, alikuwa luteni wa mizinga. Yeye aliachana na meza ya kifahari akahamishia mchezo kwenye ramani ya kipimo cha 1:8000, na mwaka 1824 akachapisha sheria zake. Zamu moja ilikuwa sawa na dakika 2 za vita. Vikosi vilikuwa vipande vidogo, vya bluu kwa Prussia na vyekundu kwa adui, na hasara zilipimwa kwa dadu. Lakini kubwa zaidi lilikuwa yule mtu aliyekaa katikati. Mchezaji hakusogeza kipande chake kama wa drafti. Alimwandikia mwamuzi amri, na mwamuzi ndiye aliyejua kama amri imefika, imechelewa, au mjumbe amepotea njiani. Usichoweza kukiona kutoka kilimani kwako hukuwekewa mezani. Karl von Müffling, mnadhimu mkuu wa jeshi la Prussia, alipouona aliupendekeza kwa jeshi zima.

Ulikuwa na kasoro moja ambayo kila aliyewahi kuchezesha mchezo wa majedwali (kurasa za namba za kuamulia matokeo) anaijua: polepole. Mwamuzi alishinda akipekua kurasa. Mwaka 1876 ofisa wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akashauri majedwali yawekwe kando na ofisa mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Ushauri huo uliwaudhi wengi, maana mwamuzi akiwa na upendeleo huna pa kukata rufaa, lakini ndio uliobaki na nguvu.

Mwaka 1880 luteni wa jeshi la Marekani, Charles Totten, akatoa kitabu chake cha mchezo wa vita, *Strategos*. Kikakaa kwenye rafu mpaka miaka ya 1960, ambapo Wesely alikikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Humo alichota mambo mawili ambayo bila hayo Braunstein isingekuwepo: refa asiye na upande, na kanuni kwamba mchezaji anaruhusiwa kujaribu lolote, iwe limeandikwa au halijaandikwa, na refa aamue litakuwaje.

Sasa ni mchezo wa vita au ni igizo?

Swali hili huzua ubishi, nami nina upande wangu: jeshi ndilo linalofanya igizo liwe na maana. Nimeona watu wakipunguza sehemu ya vita ili wabaki na mazungumzo, na kila mara mchezo unalegea. Meya na mwenye benki wanaweza kujadiliana mpaka usiku wa manane kama hakuna kinachokuja. Lakini refa akisema, "Vumbi limeonekana barabara ya magharibi," maneno yanapungua na watu wanaanza kufanya mambo. Majeshi hayalazimiki hata kufyatua risasi. Yanalazimika tu kusogea.

Kinyume chake nacho ni kweli. Vita bila watu wa mjini ni hesabu ya vikosi. Hesabu hiyo ina raha yake, lakini si Braunstein.

Kitabu cha sheria nakipata wapi?

Mwaka 1969 hakikuwepo cha kumpa mchezaji. Kilichokuwepo ni maandalizi ya refa: ramani, orodha ya watu, anachotaka kila mmoja, na mwendo wa majeshi. Miaka ya baadaye watu mbalimbali wameandika sheria zao na kuziita kwa jina hilo. Zipo nzuri, ila usisome yoyote ukidhani ndiyo asili.

Refa anaamuaje bila kitabu?

Tuseme wewe ni mwenye benki. Wafaransa wako mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Unamwendea refa: "Nataka kulitoa sanduku la dhahabu kabla hawajaingia."

Refa hasemi ndiyo wala hapana. Anauliza: kwa gari gani? Nani anaendesha? Lango lipi? Unajibu kwamba utalificha chini ya nyasi kwenye gari la farasi la mkulima mmoja, litoke lango la kaskazini. Usichokijua ni kwamba muda mfupi uliopita kapteni wa Prussia amemnong'oneza refa amri yake: magari yote ya farasi yachukuliwe yabebe risasi. Kwa hiyo gari lako litasimamishwa. Hilo halina dadu. Dadu ni za kujua kama litapekuliwa.

Refa anakwambia, "Askari wa langoni wamechoka na wana haraka. Tupa dadu mbili. Chini ya 6, wanafukua nyasi."

Unatupa. 9. Hawafukui kitu. Lakini amri ni amri: gari linachukuliwa na nyasi zake, na chini ya nyasi dhahabu yako, inakwenda kambini kwa jeshi ambalo halijui limebeba nini. Sasa una shida mpya, na ni tamu kuliko ile ya kwanza. Kapteni naye hana habari kwamba ni tajiri.

Tazama refa alichofanya. Alitaja namba kabla dadu hazijaanguka, ili mtu asiseme ameonewa. Hakutupa dadu kwa jambo ambalo tayari lilikuwa na jibu. Na hakukwambia habari za amri ya kapteni, kwa kuwa mwenye benki asingezijua. Refa akiyashika hayo matatu, mengine atajifunza akiwa anachezesha.

Ni kweli kuna mtu aliyeshinda kwa kitambulisho cha bandia?

Ni kweli, na ndicho kisa ninachopenda kusimulia kuliko vyote. Braunstein ya nne Wesely aliihamisha kabisa: nchi ndogo ya kubuni ya Amerika ya Latini, yenye serikali inayoyumba, jeshi lenye njama zake na wanamapinduzi mitaani. Mmoja wa wachezaji alikuwa Dave Arneson. Alipewa nafasi ya mwanamapinduzi wa amani, mtu wa kusambaza vipeperushi, na alama zake zilitokana na kazi hiyo.

Arneson alikuja amejiandaa. Alikuwa na kitambulisho cha bandia cha CIA mfukoni. Wenzake walipokuwa wamekwisha kukabana koo, akawatolea kitambulisho hicho na kuwaaminisha kwamba siku zote yeye ni jasusi wa Marekani, na kwamba kwa usalama wa taifa ni afadhali hazina ya nchi aitunze yeye. Wakampa. Akapanda helikopta na hazina yote, na akiwa angani akavimwaga vipeperushi vyake juu ya mji. Hivyo hata alama za vipeperushi akazipata.

Hakuna sheria ya mchezo wowote wa vita ambayo ingeweza kukitarajia kitu kama hicho. Wesely angeweza kukataa, aseme kitambulisho hakikuwemo kwenye orodha ya vifaa. Hakukataa.

D&D, yaani *Dungeons & Dragons*, mchezo maarufu wa uhusika, imeingiaje hapo?

Mwaka 1970 Wesely aliitwa jeshini, na kundi likabaki na hamu. Duane Jenkins akachezesha mji wa Brownstone, Texas ya enzi za wachunga ng'ombe na majambazi, na humo wahusika waliendelea kutoka mchezo mmoja hadi mwingine badala ya kuanza upya. Mwaka 1971 Arneson akaanza wake, wa zama za kati, wenye ngome iitwayo Blackmoor na mahandaki chini yake. Wachezaji wakayapenda mahandaki kuliko ngome. Akamwonyesha Gary Gygax, mpenzi mwingine wa michezo ya vita, wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 *Dungeons & Dragons* ikatoka.

Ndiyo sababu mpaka leo anayeongoza D&D anakaa pale alipokaa mwamuzi wa Prussia, akijua kilicho nyuma ya kilima.

Nahitaji watu wangapi na vifaa gani?

Refa mmoja na wachezaji kuanzia 6. Chini ya hapo siri hazina pa kujificha. Wakizidi 12, tafuta refa msaidizi, la sivyo foleni ya kukunong'oneza itaua mchezo kama ilivyotaka kuua ule wa kwanza.

Vifaa: ramani ya mji iliyochorwa kwa kalamu ya wino, dadu mbili, vifuniko vya soda kwa vikosi, na kwa kila mchezaji karatasi iliyokunjwa yenye mambo yasiyozidi matano: wewe ni nani, una nini, unamjua nani, unataka nini, na unaogopa lijulikane lipi. Kama una sanamu za askari zilizopakwa rangi, hongera, zitoe. Ila usiahirishe kwa kuzikosa.

Lazima tucheze Ujerumani ya Napoleon?

Hapana. Wesely mwenyewe alihama kabla ya yeyote. Unachohitaji ni mji ulio kati ya majeshi mawili, na sisi tunao mmoja ambao kana kwamba uliandikiwa mchezo huu: Tanga, Novemba 1914.

Historia ndiyo hii. Asubuhi ya tarehe 2 manowari ya Uingereza, HMS Fox, ilifika bandarini. Nahodha wake, Caulfeild, akamwarifu mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dkt. Auracher, kwamba makubaliano ya kutoishambulia bandari yamefutwa na mji usalimu amri. Auracher akaomba muda akashauriane na wakubwa. Akaondoka, hakurudi. Nahodha akapoteza muda mwingi akihofia mabomu ya kutegwa majini, ambayo hayakuwepo. Wakati huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa anashusha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara. Inasimuliwa kwamba alipofika aliuzunguka mji usiku kwa baiskeli kuuona mwenyewe. Jenerali Aitken wa Uingereza alikuwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakiteremkia Ras Kasone. Wa upande wa pili walikuwa kama 1,000. Tarehe 4 wakapigana mpaka ndani ya mji, nyuki wakawavamia, na tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka, huku wameacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi nyingi mno.

Sasa igeuze iwe Braunstein. Anza mchezo pale Auracher anapoomba muda. Auracher ni mchezaji, na muda ndio mali yake pekee. Mpe mtu mwingine mitambo ya telegrafu. Mpe mwingine stesheni: yeye ndiye ajuaye treni itaingia lini, na kila mtu atataka urafiki naye. Weka mfanyabiashara wa Kihindi ambaye ni raia wa himaya ya Uingereza lakini leseni ya duka kapewa na Mjerumani. Weka liwali, ambaye bendera yoyote itakayopepea kesho atatakiwa kuisalimu. Weka mwenye shamba la mkonge, sajini wa askari aliye na mke na watoto mjini, na mvuvi anayejua kina cha maji Ras Kasone kuliko ramani yoyote ya manowari. Makamanda wawili tu, tena wabaki nje ya mji kipindi cha kwanza. Kila nusu saa refa atangaze treni iko wapi.

Kuhusu nyuki: waache. Ukicheza na watu wa Tanga, atatokea mmoja atakayeuliza mizinga ya nyuki iko upande gani kabla hujamaliza kugawa karatasi.

Si vibaya kuchezea vita vilivyoua babu zetu?

Wapo wanaoona hivyo na siwalazimishi. Vita vile viliwamaliza wapagazi kwa maelfu, watu waliobebeshwa mizigo ya majeshi yasiyo yao. Mimi naona mchezo unaompa mvuvi na liwali nafasi ya kuamua una adabu kuliko ule unaowaona kama sehemu ya mandhari. Lakini kama mezani yupo mwenye kidonda, cheza mji wa kubuni. Majina ya vijiji vya uongo hayagharimu kitu.

Wesely alitengeneza michezo mingine?

Ndiyo, na mmoja unatuhusu. Miaka ya 1970 yeye na Ross Maker walitoa *Source of the Nile*, mchezo wa wavumbuzi wa karne ya 19 barani Afrika. Ramani ya bara ina pwani, na ndani ni tupu. Wachezaji wanaijaza kwa kalamu kadiri wanavyosafiri, hivyo kila ukicheza mito na milima inakuwa mahali pengine. Kama ubunifu wa mchezo, ni wa kupigiwa saluti. Kama picha ya Afrika, ni ile ile ya wageni: misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji bila kalamu ya mtu. Ningependa siku moja nione mtu akiugeuza, mchezaji awe kiongozi wa msafara anayeijua njia na mzungu awe ndiye asiyejua aulize nini.

Tunaweza kucheza kwa WhatsApp?

Mnaweza, na kwa kunong'onezana hakuna bora zaidi: kundi la wote ni uwanja wa mji, meseji za faragha ni vichochoro. Wekeni saa. Zamu moja kwa siku inatosha, amri zimfikie refa kabla ya saa mbili usiku, na asiyetuma amri huhesabiwa kuwa amekaa nyumbani. Tatizo ni picha za skrini. Katazeni kutumiana picha za mazungumzo. Mtu akitaka kumsaliti mwenzake, amsaliti kwa maneno yake mwenyewe, ili msikilizaji abaki na shaka.

Nani mshindi, na mchezo unaisha vipi?

Unaisha jeshi moja linapoushika mji, au saa iliyopangwa inapofika, lolote litakalotangulia. Kila mtu anafungua karatasi yake na kusoma kwa sauti alichokuwa anakitafuta. Refa anahesabu alama kwa malengo yaliyotimia, kwa hiyo wanaweza kushinda watatu na kamanda aliyeuteka mji asiwe mmojawapo. Tenga nusu saa nzima kwa hatua hii. Mwenye benki atataka kujua ni nani aliyekwenda na gari lake.